Ripoti ya Jiwe Lililogoma Kutoa Povu

Maabara anayofanyia kazi Limi Jilala mjini Geita, ile ya kupima sampuli za mawe, ripoti zake hutoka kwenye mashine zikiwa safi kama shuka za wageni. Limi huzitia sahihi huku akizitamani zile za shuleni Buseresere, zilizoandikwa kwa peni iliyovuja na kunuka asidi na mihogo ya mapumziko.

Siku zile alikuwa ndiyo kwanza kaingia kidato cha tatu. Maabara ya shule ilikuwa stoo ya majembe. Mwalimu Deusdedit wa kemia aliipandisha cheo kwa kuandika “Maabara” mlangoni kwa chaki, na kila mvua iliponyesha ikarudi kuwa stoo. Walioitaka sayansi walikuwa arobaini na sita, vifaa ni vya watu ishirini. Mwalimu akatangaza kwamba atawachuja kwa ripoti moja tu. Limi aliitaka nafasi ile kufa na kupona, maana baba yake alishamwambia, “Sayansi ikikushinda, karasha lipo,” yaani ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pamoja na vumbi lake.

Jaribio lilikuwa rahisi: dondosha asidi kwenye jiwe jeupe, tazama, andika. Kila meza watu wawili. Daftari la kaka mmoja wa mwaka uliotangulia, lililozunguka darasani kuliko sahani ya sadaka, lilisema povu litatoka kwa wingi.

Limi alipangwa na Mabula, mtoto wa mchimbaji. Wakadondosha. Kimya. Wakaongeza. Jiwe likawatazama tu.

“Andika hakuna kilichotokea,” Limi alisema.

“Wee, koma!” Mabula akaikamata peni. “Hili jiwe limetoka duarani, shimoni kabisa, mimi nayajua. Ukitamka ‘hakuna’ mbele yake, dhahabu inahama. Baba akichimba mwezi mzima akatoka mikono mitupu, ukimuuliza anasema ‘bado’.”

“Kwani sisi tunatafuta dhahabu?”

“Jiwe linajua tunachotafuta?”

Wakaandika “bado”. Ritha wa meza ya pili akachungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. “Shauri yenu! Sisi tumeandika povu, na chupa ya asidi hata hatujaigusa.”

Kesho yake Mwalimu Deusdedit aliingia na rundo la ripoti, shikamoo za darasa zima zikampita bila marahaba.

“Meza ishirini na mbili zimeona povu,” alisema. “Hongereni. Ya mwaka jana yalikuwa ya chokaa; haya niliyaokota kwenye kifusi cha wachimbaji. Hata uyafungie saumu siku arobaini, hayatoi povu.”

Darasa likanywea. Ritha akapotelea chini ya meza kutafuta kitu.

“Limi, simama. Katikati ya Kiingereza chote hiki umeniwekea ‘bado’. Bado nini? Jiwe limeenda mnadani, linarudi?”

Kicheko. Limi akaanza kulionja vumbi la karasha kooni. “Mwalimu, tulisubiri.”

“Dakika ngapi?”

“Kumi.”

“Matone mangapi?”

“Kumi na tano.”

“Na hayo umeyaandika wapi?”

Limi akaonyesha kichwa chake.

“Sasa ripoti ndiyo hiyo, binti. Ulifanya nini, kiasi gani, kwa muda gani, macho yakaona nini. Mtu wa Chato asiyekujua aisome, afanye vilevile, aone kama umesema kweli. Matumaini mpelekee padri. Wewe angalau ulilitazama jiwe. Njoo uandike upya hapa mbele yangu, ndipo nijue kama nakuchukua.”

Limi akaandika. Alipofika kwenye matokeo, Mabula akakimbilia dirishani na kujiziba masikio. “Usije ukasema sikukuonya!”

Matone kumi na tano. Dakika kumi. Hakuna povu lililotokea.

Mwalimu akaisoma mara mbili, akachukua orodha ya sayansi, akaandika jina la kwanza: Limi Jilala. La pili likawa la Mabula, nalo ilibidi litajwe mara tatu, maana mwenyewe alikuwa kule dirishani, vidole vimezama masikioni.