Mfereji Ulionenepa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa samaki. Mkuu wa Shamba, mzee mrefu aliyevaa buti za mpira hata siku za jua kali, alinipeleka kwenye kijito kilichoshuka kutoka msituni, akaniambia nitumbukize mkono na nisiutoe mpaka aseme. Haukupita muda vidole vikaanza kuuma. Akaniuliza kama nafikiria kuutoa. Nikamjibu kwamba nafikiria sana. Akacheka, akasema basi maji hayo yanafaa, nikachukue buti nianze kazi.

Lilikuwa shamba la mtu binafsi, upande wa baridi wa mlima jirani na kwetu, nalo lilitotolesha trauti. Ninyi vijana mnaochimba mabwawa nyuma ya nyumba siku hizi, mkiwa na simu ya kuwaelekeza, huenda hamjui tulivyohangaika na samaki huyu. Trauti ana madoadoa ubavuni na nyama inayokaribia rangi ya waridi, na hana subira hata kidogo. Perege utamfuga kwenye dimbwi la tope akakuvumilia. Trauti anataka maji ya baridi, masafi, tena yanayotembea, kwa sababu maji yanayotembea ndiyo yanayobeba hewa yake. Tena haongezeki bwawani kama perege. Jike tulimkamua mayai kwa kumpitishia kidole gumba tumboni, karibu na vile unavyomkamua mbuzi, dume naye tukamkamua mbegu zake juu ya mayai yale, kisha tukayalaza kwenye trei zilizopitiwa na maji. Vifaranga walipofika urefu wa kidole ndipo tulipowauza. Kazi hiyo yote niliipenda, ila mikono yangu iliharibika kwa baridi na mpaka leo haijapona vizuri.

Mkuu wa Shamba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichonifundisha zaidi ni kusikiliza. Kila bwawa lina mlango wa kuingizia maji na mlango wa kutolea, na yeye alipita asubuhi akisimama kwenye ule wa kutolea tu.

"Usiangalie samaki," aliniambia. "Sikiliza hapa. Pakinyamaza hapa, samaki wameshakwisha."

Kutoka hapo niliajiriwa na mradi mmoja uliotaka kupeleka trauti kwetu Upare, kwenye vijiji vya juu vinavyopakana na msitu, juu kabisa ya Mamba. Aliyetusimamia aliitwa Mratibu. Alikuwa kijana mchangamfu, mtu wa pwani, na watu walimpenda kwa sababu alikula makande bila kuchagua na aliingia ibadani hata akakaa benchi la mbele. Alitaka sana kueleweka. Akauliza wenyeji wanaliitaje bwawa, wakamwambia ndiva. Tangu siku hiyo kila mkutano alisema tunawaletea ndiva ya samaki, na watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nililitumia neno hilo na nikaona limeturahisishia kazi.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilotuachia babu zetu. Mfereji unaingia juu, chini kuna tundu. Jioni tundu linazibwa, maji yanajikusanya, asubuhi linazibuliwa na kila shamba linapata kwa zamu. Bila ndiva, kiangazi hakuna tangawizi wala maharage. Mtoto wa kwetu anajua kuziba ndiva kabla hajajua kusoma.

Mtu wa kwanza kukubali kuchimba alikuwa shangazi yangu, Nakunda, mjane. Alitoa shamba lake la viazi, kipande pekee alichoachiwa na mumewe, kwa sababu mfereji wa kijiji ulipita pembeni yake. Shemeji zake walimwambia amerogwa. Kwao samaki ni kitu kikavu kinachopanda na gunia kutoka bondeni, si kitu cha kulimia shamba. Shangazi aliwajibu kwamba viazi amelima miaka yote na hajawahi kuona kiazi kinaruka, na yeye anataka kuona kitu kinaruka. Ndivyo alivyokuwa. Lakini mimi nilijua kwamba bwawa likishindikana hana tena mahali pa kupanda, na shemeji zake hawatamwacha apumue.

Kiangazi cha kwanza samaki wa kijiji wakafa, bwawa baada ya bwawa, wakielea matumbo juu. Mratibu alilia, sisemi kwa mfano, alilia kweli. Tukalaumu chakula. Tukalaumu vifaranga kuchoka njiani katika mifuko yao ya plastiki. Wengine walisema ni jicho la mtu. Bwawa moja tu lilipona, la Shangazi, na hakuna aliyejua kwa nini. Bomba lake la kutolea maji lilikuwa la zamani, lenye ufa, linavuja mchana na usiku, na watu walimcheka kwamba Mpare gani huyu anayeacha maji yaende bure. Mratibu aliandika kwamba mama huyu anajua kulisha. Mradi ukafungwa, mabwawa mengine yakarudi kuwa mashamba ya viazi, nami nikahamishiwa bondeni.

Ofisi yangu mpya ilikuwa Same mjini, chini ya Afisa Uvuvi wa Wilaya, mtu makini aliyepiga pasi hata leso. Yeye alinifundisha samaki wa joto. Tulizunguka vijiji vya Kisiwani na Maore tukiwasaidia watu wenye mabwawa ya perege. Tabu ya perege ni kuzaana. Bwawa linajaa wadogo wanaonyang'anyana chakula, na hakuna anayekua hadi kufaa sahani. Dawa tuliyotumia kwenye mabwawa machache yaliyozibwa vizuri ilikuwa besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, anayewameza wale wadogo na kuacha wakubwa wanenepe. Besi anajificha kwenye majani ya pembeni, anangoja, halafu anarukia. Anapenda maji yaliyotulia na yenye joto. Afisa alikuwa mkali kwa jambo moja tu, besi asitoroke akaingia mtoni, maana huko hachagui wa kumeza, na kila mlango ulikuwa na wavu aliokagua mwenyewe kwa kidole.

Nilikuwa huko bondeni, kiangazi, niliposikia kwa simu kwamba trauti wa Shangazi wanakufa na mzee wa ndiva ameitisha mkutano. Mzee wa ndiva ndiye msimamizi wa zamu za maji, na neno lake lilikuwa na uzito kuliko la ofisi yoyote. Alitaka bwawa lifukiwe. Nilimwomba Afisa ruhusa. Akanipa, akanishauri pia kwamba kama trauti wamenishinda nimwekee mama huyo besi, samaki huyo huvumilia hata maji yaliyolala. Nikamwambia besi kule juu atakaa kama mgonjwa, hakui kwa baridi ile. Akakubali, akaniambia niwahi.

Nilipanda na bodaboda mpaka barabara ilipokwisha, kisha kwa miguu. Nilipofika nyuma ya nyumba ya Shangazi, kabla sijaona kitu, nilisikia kwamba hapasikiki. Mlango wa kutolea maji ulikuwa kimya. Trauti walikuwa wamesongamana wote kwenye mlango wa kuingizia, midomo nje ya maji, na wengine tayari walikuwa wamelala ubavu. Kwenye mlango wa kutolea palikuwa na bomba jipya kabisa, na juu yake koki ya chuma yenye mpini mwekundu, imefungwa hadi mwisho. Nikaifungua kwa mikono miwili.

Shangazi alitoka jikoni akifuta mikono na kanga. Nikamwamkia, akaitikia. Alinieleza kwa fahari kwamba mwanawe wa Dar es Salaam alikuja likizo, akaona aibu ya bomba lile bovu, akamwekea hilo.

"Ni nani aliyekwambia uifunge?" nikamuuliza.

"Nani aniambie? Ni kiangazi," akasema. "Si ninyi mlisema ni ndiva? Ndiva kiangazi inazibwa."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Nilikiona kijiji kizima kwa mara moja, kila mwenye bwawa akienda jioni kuziba tundu kwa uangalifu mkubwa, kama alivyofundishwa na baba yake, akiwatunzia samaki maji. Hawakuwa wazembe. Waliua samaki kwa kuwa watunzaji wazuri. Na Shangazi aliponea kwenye ufa wa bomba.

Asubuhi mkutano ulikaa ukingoni mwa ndiva ya kijiji. Wenye tangawizi wa chini walikuwa wamekuja wote, na macho yao hayakuwa mazuri. Shemeji za Shangazi walikaa mbele. Mzee wa ndiva alikuwa amevaa koti zito, na alizungumza kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. Alisema kwamba tangu mababu mfereji mmoja una ndiva moja. Ukiweka ndiva nyingine juu, mwenye ile ya juu ndiye mwenye maji, na wa chini wanakuwa ombaomba. Kiangazi hiki maji yamepungua kwenye ndiva, na sasa kila mtu anajua yalikuwa wapi.

"Mama Nakunda ni mtu mwema," akamaliza. "Lakini ndiva mbili hapana."

Alikuwa na haki. Neno lile lile lililowaua samaki ndilo lililowatia hofu wenye tangawizi. Nikasimama, nikamwamkia, nikasema kwamba nakubaliana naye, ndiva mbili hapana, na kwamba sisi wa mradi tulileta jina baya. Kile kilicho nyuma ya nyumba ya Shangazi si ndiva. Hakizibwi jioni, hakizibuliwi asubuhi, hakina zamu. Maji yakiingia lazima yatoke, yakikaa samaki wanakufa.

"Sasa ni nini?" akauliza mzee.

Sikuwa nimejiandaa. "Ni mfereji," nikasema. "Mfereji ulionenepa."

Watu wakacheka, na mmoja wa wenye tangawizi akasema umenenepa kama mkewe, naye akapigwa kofi la mgongo na huyo mkewe. Lakini mzee wa ndiva hakucheka. Alitaka kujua, koki ikiwepo, nani atazuia mkono wa mtu kiangazi kikikaza. Mkono huo naujua, ninao na mimi.

Shangazi akainuka. Akaenda nyumbani na kumwacha kila mtu amekaa. Aliporudi alikuwa ameshika ule mpini mwekundu, ameufungua kwa spana ya mwanawe huku koki ikiwa wazi. Akaupeleka mbele ya mzee wa ndiva, akauweka mkononi mwake kwa mikono miwili kama mtu anavyotoa kitu kwa mkwe.

"Kaa nao wewe," akasema. "Mimi nikiuona nitaufunga tu."

Mzee aliugeuza geuza, akautia mfukoni mwa koti, akasema kila mtu aende shambani. Bwawa halikufukiwa. Shemeji walibaki wamekaa kidogo, kisha nao wakaondoka.

Nilirudi mlimani kwa miaka yangu ya mwisho ya kazi, na kila aliyetaka bwawa nilimwambia kwanza jina, kabla ya jembe. Wako wengi sasa. Mnaniuliza habari za chakula cha punje, dagaa waliosagwa, kivuli, wavu wa kuzuia majani, na vyote hivyo vina maana. Lakini ukitaka kumfundisha mtu kitu kipya, angalia sana neno la zamani unalomkabidhi, maana ataifanya kazi ya lile neno. Hilo sikufundishwa na mkuu wangu yeyote.

Nimestaafu. Shangazi alifariki masika yaliyopita, na bwawa aliniachia mimi. Wiki moja baada ya maziko, mzee wa ndiva, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na kupumzika kila kona, alinijia nyuma ya nyumba. Akaingiza mkono kwenye koti lile lile, akatoa mpini. Rangi nyekundu ilikuwa imetoka, umekuwa mweupe na laini kwa kushikwa.

"Huu ni wa nyumba hii," akasema. "Mwenyewe ameondoka."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nilimwambia kiangazi kinakuja na mimi ni Mpare kama Shangazi, aendelee kukaa nao.

Alisimama kwenye mlango wa kutolea maji, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda. Kisha akaurudisha mpini mfukoni.

"Basi nitazikwa nao," akasema, akaanza kuteremka taratibu kuelekea ndiva.