Samaki Niliyemkataa Luanda Kotieno

Mwanangu, katika umri wangu wote nakumbuka siku moja niliyokataa kula, na ndiyo iliyonifunza kuliko siku zote nilizoshiba. Nakusimulia kwa sababu jana ulifika hapa dukani kwangu Kondele ukiwa na simu ya mke wako mfukoni, ukaniuliza kama namjua fundi wa kuifungua. Nikakwambia niache nifikiri. Nimefikiri. Fundi wa simu simjui, lakini ugonjwa wako naujua vizuri, maana niliwahi kusafiri nao kwenye mashua moja, siku nne nzima.

Wakati huo nilikuwa kijana fundi cherehani, mtu wa Seme, upande wa Kombewa. Nilishona maturubai ya malori ya miwa ya Muhoroni, na nilishona matanga ya mashua. Mke wangu Akinyi, huyu huyu unayemwita Mama, alikuwa na miezi mitano tu nyumbani kwangu. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano. Tangu utotoni alizunguka ghuba yote ya ziwa letu na baba yake kwa mashua ya tanga, wakipeleka vyungu na kurudi na mahindi. Baba huyo alifariki kabla sijamjua Akinyi. Nilijua amekufa, basi. Alikufaje, sikuwahi kuuliza. Mimi maji niliyajua ya kuoga.

Tulikuwa na mashua ndogo kuukuu niliyoishonea tanga jipya kwa mkono wangu, nikajivuna nalo kupita kiasi. Tukakubaliana twende Mfangano kwa nyanya yake, dani kwa lugha yetu, tukakae miezi ya baridi. Nasema baridi, ingawa unaijua baridi ya Kisumu: mtu anavaa sweta mpaka saa tatu, kisha anashinda akilibeba. Tungekwenda polepole, ufuo hadi ufuo, kama watu wa fungate. Sheria ya safari alinipa Akinyi kabla hatujaondoka Dunga, ufuo wa hapa Kisumu. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu na kukusukuma kuelekea ziwani. Adhuhuri hugeuka, ukatoka ziwani na kukupiga usoni. Kwa hiyo mtu wa tanga huondoka kabla ya jua, na adhuhuri imkute ameshatia nanga.

Siku ya kwanza nilikuwa na furaha. Siku ya pili nilianza kuona mambo. Kila ufuo tuliotia nanga, wanaume walisimama wakaita, "Nyar Mfangano!", yaani binti wa Mfangano, wakaja kumshika mkono, wakamuuliza alipotelea wapi. Yeye ndiye aliyeshika usukani, mimi nikivuta kamba. Mzee mmoja pale Asembo alinitazama kwa upole, akaniuliza kama mimi ni abiria. Akinyi alicheka. Mwanangu, kicheko hicho nilikihesabu, nikakiweka.

Siku ya tatu tulitia nanga Luanda Kotieno. Jioni akatokea mtu anayeitwa Ochola, mvuvi mrefu mwenye meno mazuri. Sitakudanganya, meno yake ndiyo niliyoyaona kwanza. Hakuita kama wengine. Alimshika Akinyi mikono yote miwili, akanyamaza, na mke wangu akainamisha kichwa. Kisha Ochola akaenda kwenye mtumbwi wake, akarudi na samaki mkubwa aina ya ngege, ameshamparua magamba, akampa. Hakudai kitu.

Wewe ni mtoto wa hapa. Unajua watu wa fuoni wanavyosema mwanamume akimpa mwanamke samaki wa bure: bei ameshalipwa, au atalipwa usiku. Damu ilinipanda. Ochola alipotuacha nikamuuliza Akinyi, "Huyo ni nani yako?" Nilimuuliza kama askari anavyouliza.

Aliniangalia kidogo, akasema, "Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Akinyi akamkaanga yule ngege, akasonga ugali, akaniwekea mbele. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na yeye alijua. Kwetu Wajaluo mwanamume hakatai chakula cha mkewe kwa sababu ya tumbo. Ukikisukuma kando umemshtaki, na wazee wanaweza kuitwa kwa ajili ya sahani hiyo moja. Hakubishana. Alikula kidogo, akaufunika ugali wangu na samaki wangu ndani ya sufuria, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka chini ya ubao wa mashua.

Kabla hatujalala Ochola alipita tena. Alituambia magugu maji yamekusanyika njiani kuelekea Mbita, huko huko tunakopita, mengi, na kwamba tumngoje. Angetoa nyavu zake kwanza, halafu alfajiri ya kesho kutwa atutangulie, kwa kuwa alijua yalipoachana. "Shemeji, ngojeni tu siku moja," aliniambia. Hilo neno shemeji lilinichoma zaidi ya samaki.

Asubuhi nilikawia kuamka kwa makusudi, nikamngoja aende kwenye nyavu zake. Kufika saa nne ufuo ulikuwa mtupu. Nikamwambia Akinyi tunaondoka. Akasema upepo wa alfajiri umeshatupita, tutakutana na ule wa ziwani usoni. Nikasema mashua ni ya nani? Nikakaa kwenye usukani mwenyewe, mara ya kwanza tangu Dunga. Akaketi mbele, akanipa mgongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hiyo mkuu wa maji alikuwa mke wangu.

Hatukufika mbali. Adhuhuri upepo ukageuka kama alivyosema. Tanga langu zuri likaanza kupigapiga mlingoti bila faida, na ule upepo ukayaleta magugu. Yalikuja kijani, taratibu, na maua yake ya zambarau. Ukiyatazama ungedhani ni shamba linalotembea. Nilipojaribu kugeuza yalikuwa yameshafunga nyuma. Nilipiga kasia, kasia likazama kwenye mizizi likakwama. Nilivuta mpaka macho yakaona giza, nikakaa chini. Nilikuwa na njaa ya siku moja na nusu, na nchi kavu ilikuwa mbali.

Akinyi aligeuka. Hakuinua sauti. "Wuod Seme," aliniita, mwana wa Seme, "kama huniamini, sema. Lakini usiniue kwa hii maji juu ya samaki. Tukifika kwa dani, mimi nabaki. Wewe utarudi na mashua yako."

Niliogopa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na si magugu yaliyonitisha.

Akainama, akaitoa ile sufuria, akafungua kitambaa, akaniwekea magotini. "Sasa kula. Nataka mikono yako tu. Hiyo hasira nitakuachia."

Nilikula, mwanangu. Nilimla ngege wa Ochola akiwa baridi, na ugali mgumu, katikati ya magugu, mke wangu akinitazama mpaka mwiba wa mwisho. Sijawahi kula chakula kitamu na kichungu namna ile. Nilipomaliza alinionyesha la kufanya. Tulishusha tanga. Nikawa natupa nanga mbele juu ya magugu, inashika mizizi, kisha tunavuta kamba wote wawili na mashua inasogea hatua mbili, tatu. Natupa tena. Viganja vyangu vilichubuka, vyake pia. Jua lilipokuwa linaelekea kutua tulitokea kwenye maji wazi karibu na ufuo mmoja mdogo. Hatukuwa tumeambiana neno ila "vuta" na "ngoja".

Kesho yake tuliondoka kabla ya jua, yeye akiwa kwenye usukani. Magugu yalikuwa yamesukumwa mbali, tukafika Mfangano mapema. Akinyi akachukua mzigo wake kichwani, akapanda kwenda kwa nyanya yake. Mimi hakuniita. Nikabaki nimekaa mchangani kando ya mashua, na watu wakipita nikijifanya nakagua mshono wa tanga.

Jua lilikuwa limepanda sana nilipomwona bibi kizee akiteremka na fimbo yake. Alisimama mbele yangu, akanitazama viganja.

"Mume wangu," aliniita, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu, "umekataa samaki ya Ochola?"

Nikakubali.

Akaketi juu ya ukingo wa mashua, akaniambia. Mashua ya baba yake Akinyi ilipinduliwa na dhoruba nje ya Luanda. Ochola aliiona kutoka ufuoni, akaenda na mtumbwi peke yake. Alimtoa Akinyi. Akarudi kumtafuta baba, akamkosa. Ziwa lilimtoa mzee siku ya tatu. "Tangu hiyo siku, akiona huyu mtoto anampa samaki. Hana maneno, ana samaki tu. Sasa wewe, bwana yake, miezi tano umelala na yeye, hujawahi kumuuliza baba yake alienda aje?"

Nikainamia tena mshono wa tanga.

"Kuuliza si ujinga," alisema. "Ila wewe ulimuuliza kama mtu anatafuta mwizi. Amka, uende umuulize kama bwana yake."

Nilipanda. Akinyi alikuwa jikoni, anasonga ugali. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sikujitetea. Nikamwambia, "Niambie juu ya baba yako." Aliendelea kusonga kwa muda, kisha akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaanza. Alisema mpaka ugali ukapoa. Nilimsikiliza tu. Alipomaliza akaniwekea sahani, nami nikala, naye akakaa kunitazama. Hakusema tena habari ya kubaki. Miezi mitatu baadaye, wakati wa kurudi, tulitia nanga Luanda Kotieno, nikamshika Ochola mikono yote miwili.

Usidhani wivu ulikufa. Hata sasa, mzee kama mimi, Akinyi akicheka sana kwenye simu najikuta nimesimamisha cherehani nisikie ni nani. Lakini sasa huwa namuuliza, na huwa ananiambia, na mara nyingi ni dada yake.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Rudisha hiyo simu kabla jua halijatua, umpe mkononi, usiiweke mezani kimya kimya. Ndani ya simu utakuta namba za watu, hutamkuta mke wako. Muulize jambo la maisha yake ambalo hujawahi kuuliza, kisha unyamaze mpaka amalize, hata kama chakula kitapoa. Na akikupakulia, kula. Hasira hasara, nami hasara yangu ilibaki inchi chache tu itimie.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio mapana kuliko macho, nyumba yako isikose moto jikoni, na siku utakapotaka kusukuma sahani kando, akushike huo mkono.