Vielezi Vyangu na Kopo la Binti Yangu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na magunia mawili ya alizeti, nimeyafunga kwenye baiskeli kutoka Sepuka. Leo nina mashine mbili za kukamua mafuta pale Mandewa, na mashudu yangu, makapi yanayobaki, wafugaji wanayapangia foleni. Shule niliiachia darasa la nne. Wenye digrii wanakuja kuniomba kazi, nawakaribisha, wanakaa, tunaongea. Sasa nishangazwe na nini?

Binti yangu wa mwisho yuko kidato cha pili, shule ya bweni yenye sheria moja: ukishaingia getini ni Kiingereza tu. Siku ya wazazi sheria inatubana na sisi. Kila sentensi ya lugha nyingine, shilingi mia tano ndani ya kopo. Ni mchezo, lakini watoto hawauchukulii hivyo. Mwaka jana baba mmoja alitozwa mpaka ukumbi mzima ukacheka, na mwanawe akaitwa "Mia Tano" muhula mzima. Mwaka huu aliyepewa kopo alishike ni binti yangu.

"Baba," aliniambia alipokuja likizo, "siku hiyo utatabasamu tu, eh? Usiseme kitu."

"Mimi? Nikae kama gunia? Nifundishe."

"Kiingereza chote, baba, kwa wiki mbili?"

"Nipe kipande."

Akanipa vielezi. Alichagua vizuri, ana akili za babake. Kitenzi cha Kiingereza kinageuka kila ukikigusa, alisema, lakini kielezi hakina makuu, na vingi ukivisema vyenyewe tu vinatosha kuwa jibu. Tukasomea palepale kwenye mashine. Slowly, ndivyo alizeti inavyomiminwa, maana ukiharakisha mashine inakaba. Carefully, ndivyo dumu la mafuta linavyobebwa. Hivyo ni vya namna. Here, penye mizani, na outside, yanakokaa mashudu. Hivyo vya mahali. Today na yesterday, vya wakati. Always, sometimes, never vinasema mara ngapi, na hivyo niliviweza siku ya kwanza kwa sababu ndivyo wateja wangu walivyogawanyika kwenye kulipa. Kuhusu very alinionya: hicho kinaongeza nguvu tu, peke yake hakisimami, lazima kiegemee mwenzake. Nikamwambia watu wa hivyo nawajua, wengine ni ndugu zangu.

Siku ikafika. Nikavaa suti. Mkuu wa shule akaniuliza kwa Kiingereza biashara inaendaje. "Slowly," nikajibu, nikakunja uso kidogo kama mtu mwenye mengi. Je, huwa nawatembelea? "Sometimes." Namsaidia binti masomo? "Always!" Akanishika mkono kwa mikono miwili. Binti yangu alikuwa nyuma yake na kopo, amebana midomo asicheke, shingo imemrefuka kwa raha. Hadi saa tano mzazi mmoja mwenye tai, mtu wa ofisini, ameshatoa elfu tatu. Mimi, hata senti.

Kwenye kiti karibu na mlango wa ukumbi alikaa bibi mmoja, mzee sana, na chupa ya asali mapajani. Alikuja kumwona mjukuu wake, na mjukuu ametumwa kupanga viti. Wazazi walipita mbele yake wakimwonyesha meno tu, wanaendelea. Kumwamkia mzee kwa Kiingereza utaanzia wapi? Nami nilipita. Nikapita tena, nikaonyesha meno. Mara ya tatu akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila hasira, kama unavyomtazama mtoto ambaye hajafunzwa kwao.

Nilimtazama binti yangu na kopo lake. Akatikisa kichwa: baba, usithubutu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Nikajiuliza hapa kuna nini? Hata msibani watu wanasalimiana."

Binti akainua kidole kimoja: hiyo tayari. Kisha akamwonyesha bibi kwa kidevu: na ya bibi nayo inahesabiwa.

"Hesabu," nikasema. "Na hii pia hesabu."

Nikavuta kiti. Tukaenda Kiswahili, tukahamia Kinyaturu cha kwetu: mvua, mifugo, goti lake la kushoto. Kumbe mama yangu alimjua. Watu wakageuka, wengine wakaanza kucheka, na binti yangu amesimama kando yetu anapiga vistari kwenye daftari, macho yamemjaa maji. Nikajua jina la muhula mzima limeshapatikana, na nimelitoa mimi.

Basi akafunga daftari. Akaliweka kopo chini mbele ya ukumbi mzima, akakunja goti.

"Shikamoo, bibi."

Hapo nilishangaa, siwezi kukataa. Kicheko kilikatika. Yule wa tai akaja nyuma yake, akainama, naye akaamkia, ya kwake akalipa mwenyewe.

Nikatoa pochi. Sentensi zangu kumi na nane, za bibi ishirini, na ile moja ya binti yangu: shilingi elfu kumi na tisa na mia tano.