Mfasiri wa Mjerumani

Kila Jumamosi baada ya Magharibi, kijiji chetu kizima cha Ngumi hujazana kwa mfasiri wetu, maana dishi lake ndilo linalokamata kipindi cha mpira cha Ujerumani, na yeye peke yake ndiye ajuaye Kijerumani. Alijifunza melini, jikoni, akimenya viazi. Elimu iliyoje! Rimoti huishika kama tasbihi, hukohoa kwanza, ndipo hufasiri. Mtangazaji, ambaye tumemwona tangu ana nywele nyeusi mpaka zikaisha, akiongea hadi wali wangu uive, mfasiri husema, "Mpira ulikuwa mzuri." Akitamka neno moja tu, tafsiri hutufikisha Isha.

Jumamosi moja mtangazaji akapewa maua. Wenzake wakampigia makofi, naye akapangusa macho. Mfasiri akakohoa, akakohoa tena, tafsiri haikutoka.

"Hayo maua nayo yamefunga goli?" akauliza Badi mvuvi. "Mchu mzima analia, nawe kimya! Sema hujui, twende zetu kwa Sadiq, yeye ana televisheni kubwa."

Mfasiri akaiweka rimoti chini, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. "Anaondoka," akasema polepole. "Anatuomba radhi."

Basi sote, Badi akiwemo, tukaijibu televisheni kwa sauti moja: "Tumekuwia radhi, nawe utuwie!" Wengine kanga machoni. Mfasiri alikuwa anatutazama sisi, si televisheni.

Jumamosi iliyofuata, kwenye kiti cha mtangazaji kaketi mwanamke kijana. Tukamgeukia mfasiri. Akaokota rimoti, akakohoa.

"Bintiye," akasema.