Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwangu nilikibeba mgongoni.

Niliishia darasa la pili. Mama aliniachisha shule nimbebe mdogo wangu, na alipokua, yeye ndiye akapelekwa kusoma. Basi macho yale anayosomea, nimeyalipia kwa mgongo huu.

Wafadhili walipoanza kusaidia wazee na yatima wa kijijini kwetu, walitaka mtu wa kushika orodha. Nani tena kama si mdogo wangu? Tukamwita Bi Orodha. Miaka sita, kila mgao naenda na mjukuu wangu, yatima, mguu wa kushoto umepinda tangu azaliwe.

"Dada, majina yenu hayajatoka. Vuteni subira."

Subira huvuta heri. Yangu ilivuta baridi tu. Siku moja nikakuta blanketi jipya, kama yale ya mgao, limeanikwa kwake.

"Na hili?"

"Nimenunua, dada. Mbona macho ya kipolisi?"

Nikarudi nyumbani. Ningebisha nini na kusoma sijui?

Mwaka jana muuguzi wa zahanati akamsimamisha mjukuu wangu juu ya karatasi, akachora nyayo zake kwa kalamu. Karatasi akampelekea fundi viatu mjini. Bi Orodha hakuwepo. Yeye alisikia tu viatu vinakuja, kila boksi na jina la mwenye viatu.

Siku ya mgao uwanja wa shule ulijaa. Fundi viatu alikuja mwenyewe, na muuguzi, na afisa wa wafadhili. Bi Orodha akaita majina weee, letu kimya. Mwisho akainua boksi moja, lebo yake imebandikwa juu ya lebo nyingine, hata mimi mbumbumbu niliona. Akamwita nani? Mjukuu wake! Kabinti kana wazazi wote wawili, miguu imenyooka kama mchi.

Fundi akapiga goti amvishe. Cha kulia kikaingia. Akatoa cha kushoto: soli nene vidole vitatu, ubavu umepinda kwa ndani. Akatazama mguu, akatazama kiatu.

"Hiki sikukishona kwa mguu huu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ah, fundi, watoto si wanakua! Mguu umenyooka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mjukuu wangu alishaanza kwenda, anachechemea katikati ya watu. Kiatu kikaingia kama kisu kwenye ala. Aliposimama, mabega yake yalikuwa sawa. Sijawahi kuyaona sawa.

Afisa wa wafadhili akamnyang'anya mdogo wangu orodha, akampa muuguzi aisome kwa sauti. Jina langu lilikuwemo. La mjukuu wangu lilikuwemo. Miaka yote sita, na mbele yake alama kwamba tumepokea.

Bi Orodha akanishika kanga.

"Dada, nisamehe. Sisi damu moja."

"Damu moja, ndiyo. Mgongo ulikuwa wangu peke yangu."

Nikamshika mjukuu wangu mkono, tukapita kwake. Blanketi lilikuwa kambani. Nikalianua.