Rangi ya Ubao

Mama anayeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, karibu na bandari ya Kalemie huandika bei kwa mkaa kwenye ubao. Mbalamwezi ikitanda, samaki hawazifuati taa za wavuvi na bei inapanda. Giza likirudi, anaifuta kwa pindo la kitenge na kuandika ndogo. Victorine, muuza unga wa meza ya pili, anaijua mikono ile: vidole vyeusi vinavyojaza kopo, kisha vinaongeza konzi ya nyongeza bila kuombwa. Siku hizi nyongeza hushikwa kwa ncha za vidole. Leo mama amekuja na mkebe wa rangi iliyobaki kwa mafundi wa mitumbwi, na bei ileile ya juu anaiandika polepole, midomo ameibana.

«Mama, giza limerudi,» Victorine akamwambia. «Bei itashuka.»

«Safari hii mwezi hauna kosa. Samaki njo wanapunguka ziwani, mafuta ya mota inapanda, na watu wa kulisha wanaongezeka.»

«Na ikishuka?»

Mama akaipuliza rangi ikauke. «Nitatafuta ubao mupya.»

Victorine akautazama ubao wake mwenyewe, wenye bei ya unga kwa mkaa. «Mama, uniachie rangi kidogo.»