Mfuko Alioupakata Annonciata

Annonciata hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Alizaliwa Uvira, Kongo, akavuka mipaka minne akiwa na mwanawe Gires mgongoni, akaishi miaka sita akisubiri uamuzi wa wakubwa wa uhamiaji kule Croydon, na kwa miaka kumi na mmoja sasa kazi yake ilikuwa kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza vitandani wazee wa Woolwich na Plumstead, London. Akina mama wa kanisa lake pale Thamesmead walikuwa wakisema kwamba hata simba akibisha hodi, Mama Gires atamwuliza kwanza kama amenawa mikono. Kwa sababu hiyo, yaliyompata Jumamosi moja ya mwezi wa sita yanafaa kuelezwa kwa utaratibu, tangu asubuhi.

Mgonjwa wake wa mwisho alikuwa Bibi Doreen, aliyefariki mwezi wa tatu akiwa na miaka tisini na mmoja. Annonciata alimhudumia mchana kwa miaka minne. Usiku zamu ilikuwa ya Makena, dada wa Kimeru mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Kila asubuhi, Annonciata alipokuwa akimsugua mgongo, Bibi Doreen alimsimulia habari za baa moja ya mashambani, kusini kabisa, mahali ambapo London inachoka kuwa mji na kugeuka majani. Baa hiyo iliitwa Jembe na Farasi. Bibi na marehemu mumewe walikuwa wakienda huko kwa baiskeli kila Jumapili ya kiangazi. Karibu nayo palikuwa na kinu cha upepo, kijito chenye daraja la mbao, na kilima cheupe cha chokaa ambacho ukisimama juu yake unauona mji wote. Annonciata hakuwahi kufika huko, lakini alipajua kwa masikio kama mtu anavyoijua njia ya kwao.

Bibi alipofariki, Annonciata alingoja simu ya kumwambia siku ya mazishi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Hakuna aliyemwita. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwao, humwoshi mtu miaka minne kisha akazikwa bila wewe kutupa hata konzi moja ya udongo.

Ndipo mwezi wa sita Gillian, binti pekee wa Bibi, akapiga simu. "Jumamosi tunakwenda kwenye ile baa aliyoipenda mama," alisema. "Tutatembea mahali pake pote, siku nzima. Mama aliomba uje. Na Makena pia."

Annonciata aliielewa simu hiyo kwa namna ambayo mtu yeyote wa Uvira angeielewa. Hii ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Bila shaka kaburi liko huko huko mashambani. Watalitembelea, wataomba, watakula pamoja, na kilio kitafungwa. Aliamka alfajiri akakaanga mandazi, akayapanga ndani ya bati kubwa la biskuti, akavaa kitenge chake cha bluu cha Pasaka. Gires, ambaye sasa alikuwa kijana wa chuo, alimwuliza kwa Kiingereza anakwenda wapi amependeza hivyo.

"Kuaga," alimjibu kwa Kiswahili.

Gari la Gillian lilikuwa dogo, na nyuma lilijaa viatu vya matope na miavuli. Makena aliwahi kiti cha mbele kwa sababu ya miguu yake. Gillian akampa Annonciata mfuko wa kitambaa cha kijani. "Nishikie, tafadhali. Usiuache upinduke."

Ulikuwa mzito kiasi cha kilo tatu za sukari. Annonciata akaupakata magotini. Gari lilipoanza kukata kona, aliweka bati la mandazi juu yake, akavikumbatia vyote viwili. Wazungu kwa keki! aliwaza, na akaona ni adabu njema kwamba Gillian naye hakuja mikono mitupu.

Walipofika, alisimama mlangoni akagoma. "Makena, mimi sijaingia baa tangu niokoke."

"Mama Gires, ni nyumba ya chakula tu. Tazama, hata watoto wako ndani. Na mbwa."

"Mbwa? Ndani ya hoteli?"

Kweli, chini ya meza kulikuwa na mbwa mnene akinywa maji kwenye bakuli lake mwenyewe, na mhudumu akimwuliza mwenye mbwa kama yule "mtoto wake" mwenye mkia angependa biskuti. Annonciata aliona heri bustani. Wakakaa kwenye benchi la mbao nyuma ya baa, penye waridi na jua. Mezani palikuwa na karatasi ya baa iliyoorodhesha mahali pa kutembelea: kinu, kijito, shamba la maua ya mrujuani, kilima. Gillian aliisoma kwa sauti kama mtu anayesoma zaburi. Kisha akaingia ndani, akarudi na glasi nne.

Wao walikuwa watatu.

Gillian alifungua mfuko wa kijani, akatoa mkebe mkubwa wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha, akauweka kichwani pa meza. Mbele yake akaweka glasi ya nne, ya bia nyeusi yenye povu. Akainua yake. "Haya, Mama. Umefika."

Annonciata alitazama mkebe, akatazama bia, akamwinamia Makena. "Anasemesha nani huyu?"

"Mama Gires, kaa vizuri kwanza."

"Nimekaa."

"Huyo ndiye Bibi Doreen."

"Wapi?"

"Hapo. Kwenye mkebe."

Annonciata aliruka, na lau Makena hangekuwa mwisho wa benchi, benchi lingepinduka. Alijitazama magotini kana kwamba kitenge kinawaka moto. "Yesu wangu! Nimemwekea mandazi kichwani!"

"Kwani ulidhani ni nini?"

"Keki!"

Makena aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika. "Aki Mama Gires, utaniua."

"Usicheke, weye! Kaburi liko wapi?"

"Hakuna kaburi. Walimchoma. Hapa wengi siku hizi wanachomwa, si unajua?"

Alijua. Lakini aliyajua kwa mbali, kama habari za redioni. Wazee wake waliotangulia walichukuliwa na magari meusi, naye siku iliyofuata alipangiwa mzee mwingine. Hakuwahi kuambiwa shika, pakata, kunywa naye soda. Mgongo ule alioupaka mafuta kila asubuhi asipate hata kidonda kimoja, umetiwa motoni kwa makusudi, na sasa mwenyewe amenunuliwa bia!

Gillian aliona uso wake akayaacha maelezo aliyokuwa ameyaandaa. Alitoa bahasha. Ndani mlikuwa na mwandiko wa Bibi Doreen, ule wa kulalia upande mmoja. Alisoma: "Kijiko kimoja kwenye kinu. Kijiko kimoja kijitoni. Kilichobaki chote, kilimani, na Annonciata ndiye amwage. Gillian atababaika na kulia na kuniangusha chini. Annonciata ana mikono isiyobabaika."

Gillian alicheka huku macho yamejaa. "Lakini unaweza kukataa," aliongeza haraka. "Hakuna atakayekulaumu."

Hilo nalo lilimshtua Annonciata. Wosia wa marehemu unakataliwaje? Kwao, mtu akishafumba macho neno lake halina mjadala. Lakini pia kwao maiti hagawanywi kwa kijiko kama dawa ya kikohozi. Mambo mawili makubwa yalikuwa yamekaa kwenye meza moja, na hakuna hata moja aliloweza kuliondoa.

Walitembea. Njia ilipita katikati ya shamba la ngano la mtu, nayo ilikuwa na kibao kinachoruhusu kila mtu apite, jambo ambalo siku nyingine angelishangaa kwa saa nzima. Kwenye kinu cha upepo watoto walikuwa wakila aisikrimu. Gillian alifungua mkebe na kutoa kijiko mkobani.

Annonciata alikitambua. Kilikuwa kile kidogo chenye mpini uliopinda, alichomlishia Bibi uji miaka yote minne. Alishika mkono wa Makena kwa nguvu.

"Kijiko cha uji!"

"Nimekiona."

"Anamchotea mama yake kwa kijiko cha uji!"

"Labda ndicho alichokipenda."

Gillian akanyunyiza kidogo chini ya ukuta wa kinu, akachukua andazi kutoka kwenye bati na kulila huku akitembea. Kijitoni akafanya vivyo hivyo, kutoka juu ya daraja. Unga mweupe ulitanda juu ya maji, kisha ukazama. Annonciata alimtazama akichukua andazi la pili.

Wakati wa kupanda kilima alibaki nyuma na Makena kusudi. "Niambie ukweli," alisema. "Siku ya parapanda, huyu atajikusanyaje? Mwingine kinuni, mwingine majini?"

"Mungu aliyemfinyanga kwa mavumbi atashindwa na mavumbi?"

"Weye Biblia unaikumbuka ukitaka kushinda maneno tu."

"Basi kataa. Atamwaga Gillian."

"Gillian atababaika."

"Ehee." Makena alisimama kuvuta pumzi. "Umeshajijibu."

Annonciata alikuwa akifikiria akina mama wa Thamesmead, na sura zao atakapowaambia. Alikuwa akifikiria pia asubuhi moja ya baridi, Bibi Doreen akiwa uchi mbele yake kwenye kiti cha kuogea, akimwambia, "Mwanangu mwenyewe hajawahi kuniona hivi. Wewe tu."

Juu ya kilima nyasi zilikuwa fupi, na ardhi nyeupe ilichungulia katikati yake. Mbali kaskazini majengo marefu ya London yalisimama kama meno. Gillian alimnyoshea mkebe kwa mikono miwili, na kijiko juu yake.

Annonciata alikirudisha kijiko. "Maji," alimwambia Makena.

Makena akamtolea chupa. Annonciata akanawa mikono hadi vifundoni, taratibu, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kumgusa Bibi Doreen bila kunawa. Akaifuta kwa kitambaa. Akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya mkebe.

Hayakuwa majivu kama ya jikoni. Yalikuwa chembechembe ngumu, kama changarawe laini, na moyo ulimruka alipoelewa ni nini alichokuwa amekishika. Lakini mikono yake haikutetemeka. Alimweka Bibi chini konzi baada ya konzi, karibu na ardhi, asirushwe, na kila mara akasema naye kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akisema naye wakati wa kumwosha, maana Bibi alipenda sauti yake hata pasipo kuelewa.

"Bibi Doreen, sikiliza vizuri. Hapa ndipo kilimani, ndipo penye wewe mkubwa. Ukishuka mkono wa kulia, utavuka lango la chuma, utafika kijitoni. Kijiko kimoja kiko chini ya daraja. Ukifuata njia ya ngano utakuta kinu. Kijiko cha pili kiko upande wa ukuta wenye kivuli. Siku utakapoitwa, pita kwa utaratibu, usisahau kitu."

Gillian hakuelewa hata neno moja. Alikuwa amekaa kwenye nyasi akilia kwa sauti, mdomo wazi, na makombo ya mandazi shavuni.

Ndipo upepo ukaja. Ulitoka upande wa mji ghafla, ukazoa konzi ya mwisho kabla haijagusa ardhi, ukaitupa kifuani mwa Annonciata na kwenye pindo la kitenge chake cha Pasaka. Alibaki amepiga magoti, mikono hewani, mweupe kama aliyemwagiwa unga sokoni. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akawapungia. "Siku nzuri kabisa!" alisema, akaendelea.

"Pole, pole sana!" Gillian alikurupuka, akanyosha mkono kumpangusa.

"Usimkung'ute!" Annonciata alipaza sauti hadi mbwa akageuka.

Makena ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo. "Sasa kitenge hicho utakifuaje, Mama Gires?"

Annonciata alijitazama. Hakukuwa na mtu wa kanisani wa kumpigia simu kuuliza. Aliinuka polepole, akakusanya pindo kwa mikono miwili kama mtu abebaye mayai, akaanza kuteremka mkono wa kulia kuelekea lango la chuma. Makena na Gillian wakamfuata bila kuuliza. Penye daraja alivua viatu, akaingia kijitoni hadi magotini, maji ya baridi yakimkata pumzi. Akalitumbukiza pindo, akalisuuza, akachota maji akajimwagia kifuani, mpaka bluu ya kitenge ikarudi.

"Haya," alisema, meno yakigongana. "Nimekuongezea hapa. Usisahau."